Robo ya Mnara

Haya, kaeni. Za kale wamezimaliza wazee, mimi nina za mwaka huu huu. Zikiwapendeza, sifa iende serikalini. Zisipowapendeza, kosa ni langu mimi niliyetoka kidato cha nne na A ya Kiswahili na sifuri ya mambo mengine yote.

Nchi yetu haina jina. Lilikuwepo, likabadilishwa, likabadilishwa tena, mwishowe ikaundwa Kamati ya Jina. Kamati inakaa vikao mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo kwenye fomu tunaandika "Jamhuri ya" halafu nukta sita. Kwenye wimbo wa taifa tukifika hapo tunaguna. Ni nchi nzuri. Sijasema si nzuri.

Ina mji mkuu unaoitwa Jiji. Zamani mtu alikuwa anakwenda tu Jiji, anaangalia anachotaka, anarudi kwao. Hiyo ilileta shida. Kuna bwana mmoja wa mkoa wa kusini alikwenda kuangalia Ikulu, akapotea njia, akaona foleni ya hospitali. Aliporudi kwao akawa anasimulia foleni. Asubuhi foleni, jioni foleni, Ikulu hakuitaja hata kidogo. Serikali ikasema hapana, watu wanakuja na macho matupu wanaona ovyo ovyo. Ndipo ikaanzishwa Wizara ya Kuona na Kuonwa, na Wizara ikafungua Lango.

Lango ni tovuti. Unaingia, unapanga: nitaona hiki, nitaona kile, siku fulani, dakika kadhaa. Mfumo ukikubali unapewa Kibali cha Kuona. Ukikutwa Jiji unaangalia kitu ambacho hakimo kwenye kibali, unacho cha kujibu. Mzee mmoja wa kwetu alipigwa miezi mitatu jela kwa kuangalia ukuta. Alijitetea kwamba alikuwa anapumzisha macho. Hakimu akamwambia macho hupumzishwa yakiwa yamefumbwa.

*

Mama yangu anaitwa Tatu binti Mkwizu, ila watu wanamwita Mama Sefu, kwa sababu Sefu ndiyo mimi. Kazi yake kugonga kokoto. Kijijini kwetu wanawake wote wanagonga kokoto. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, jiwe unalizungushia kipande cha mpira wa baiskeli lisiruke, unagonga. Kijiji kinaitwa Mlimani. Mlima wenyewe haupo. Tumeugonga wote, umeondoka na malori.

Ukimuuliza dereva wa lori zinakwenda wapi, anajibu: "Mnara wa Shukrani." Miaka ishirini na miwili jibu ni hilo. Na Mnara tunaujua, upo kwenye kalenda ya Wizara ambayo kila nyumba lazima iitundike, mrefu, mweupe, juu una kitu kama birika.

Mimi nikiwa darasa la pili chembe ya jiwe iliingia jicho la kushoto la Mama, likafa. La kulia sasa hivi limeshaanza ukungu. Tulikwenda kwa daktari wa wilaya, ana tochi ambayo haina betri. Akamuelekezea ile tochi, akaangalia vizuri sana, akasema, "Hili litakufikisha mwisho wa masika. Zaidi ya hapo usilitegemee."

Mama akasema, "Basi kabla ya hapo nataka nikauone Mnara."

Jirani yetu Mama Kashindye, ambaye wamegonga naye bega kwa bega tangu wakiwa wasichana, alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

"Mama Sefu, kokoto zako zimo ndani ya zege. Utaziona wapi? Utawaambia wabomoe?"

"Sitaki kuona kokoto, mwenzangu. Nataka kuona kilichosimama."

"Na kisipokuwa kizuri?"

"Kiwe kibaya. Jicho langu moja limo mle. Na mimi nina haki ya kwenda kulizuru."

Mama Kashindye akaacha kucheka. Mama akanigeukia. "Sefu, wewe kutwa unashinda kwenye simu, unachekacheka peke yako. Mambo ya mitandao unayajua. Nipangie safari."

Nikamwambia, "Mama, hilo dogo." Nilikuwa nimemaliza shule miezi minane, sina kazi, sina pa kwenda, nimeshaangalia video zote duniani. Nilitamani mtu anipe jambo.

*

Tulikwenda steshenari kwa Kaka Festo. Pale unatoa kopi, unapiga picha za pasipoti, na unaingia Lango kwa sababu Lango halifunguki kwenye simu ndogo kama yangu. Festo anawajua watu wote wa wilaya kwa namba zao za uraia, majina anayasahau.

Lango likafunguka. Kwanza ikaja picha ya Waziri, Mheshimiwa Gaudensi Mtulivu, imejaa kioo kizima, chini yake maneno: KARIBU JIJI, MAHALI AMBAPO TAYARI UNAPAPENDA. Ikafuata hotuba yake kwa sauti. Hairukwi, lazima uisikilize.

"Ndugu mwananchi," alisema Waziri, "zamani mtalii wa ndani alikuwa anafika, anaona, ndipo anasema. Utaratibu huo ulikuwa wa kikoloni na unachosha. Mtu anafika hajui atasema nini. Wengine walisema mambo ambayo hata wao yaliwashangaza. Serikali yako sikivu imegeuza utaratibu. Sasa unasema kwanza, ndipo unaona. Ukifika Jiji huna wasiwasi, kila kitu umeshakisema. Kazi yako ni kukubaliana na nafsi yako."

"Maana yake nini?" Mama akauliza.

"Maana yake unatoa maoni kabla ya kwenda," Festo akamwambia. "Na nyota. Weka tano."

"Nikitaka nne?"

"Nne ukibonyeza inapiga simu kituo cha polisi. Jana kuna shehe mmoja kidole kilimteleza, wakaja na gari mbili. Weka tano, shangazi."

Vivutio vilikuwa vinane. Kulikuwa na Chemchemi ya Maji ya Rangi, kulikuwa na Bustani ya Wanyama Waaminifu, kulikuwa na Makumbusho ya Mambo Yatakayofanyika, ambayo yamejaa kuliko vyote. Na Mnara wa Shukrani. Tukasoma maoni ya waliotangulia. "Pazuri. Nimerudi salama." "Nimeona kama nilivyoelekezwa." "Mimi na familia yangu hatuna tatizo lolote."

Mimi nikaona hawa watu hawajui kuandika. Nikamwambia Festo asogee, nikavuta kibodi. Jamani, mimi insha ndiyo kitu changu. Mwalimu wetu alikuwa anazibandika ukutani. Nikaanza: "Ama kweli tembea uone mengi. Nilipoutupia jicho Mnara wa Shukrani, moyo ulinidunda mithili ya ngoma ya harusi. Ulikuwa mrefu hata mawingu yalipofika ubavuni mwake yaliomba njia." Nikashuka hivyo hivyo ukurasa mzima, methali sita, tashbihi sijui ngapi, na mwisho nikamfanya Mama apige magoti akishika udongo. Kisha nikamsomea.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Rudia hapo pa mawingu," akasema.

Nikarudia.

"Yaliomba njia," akasema taratibu, kama mtu anaonja chumvi. "Haya, wapelekee."

Festo akasema, "Dogo, wewe unaua." Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, likaja jibu:

"HONGERA. MAONI YAKO NI KAMILI. UMESHAONA. NAFASI YAKO AMEPEWA MWANANCHI AMBAYE BADO."

Festo akaanza kukuna shingo. "Nilisahau kuwaambia hili. Wanaoandika 'pazuri' tu, mfumo unawaona hawajaelewa, unawaita waje wajionee. Wewe umeandika kama mtu aliyekwisha kwenda akarudi. Sasa akafuate nini?"

"Nimeuona lini?" Mama akamuuliza.

"Leo, saa nne na dakika kumi na mbili. Imeandikwa hapa, shangazi."

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.

*

Rufaa za Lango zinasikilizwa wilayani kwa Afisa Kuona Daraja la Pili, Bi Leokadia. Mezani ana vitu viwili, kompyuta na kitambaa cha kufutia kompyuta. Alitusikiliza huku anafuta.

"Mama, unakana kwamba umeuona Mnara?"

"Nakana, mwanangu. Sijawahi hata kuvuka daraja la hapo mtoni."

"Lakini umeusifu. Nimeyasoma maneno yako, yamenitoa machozi."

"Ameusifu huyu kijana."

"Kwa hiyo kijana ndiye aliyeuona?"

"Naye hajauona."

"Basi nani aliyeyaona mawingu yakiomba njia?"

Bi Leokadia alitungoja kwa upole kabisa. Kisha akafungua droo akatoa Ombi la Kutokuona, nakala nne. Kipengele cha kwanza: *Taja kwa ukamilifu vitu vyote ambavyo hujaviona.*

"Vyote?" Mama akauliza. "Viko vingi."

"Andika vyote. Ukiacha kimoja, Serikali itajuaje kama hukukiona?"

Tuliandika siku mbili, Mama anataja mimi naandika. Bahari. Treni. Theluji. Chumba cha ndani cha benki. Mtu akipewa zawadi bila hafla. Uso wa dereva wa lori bila miwani. Akataja na Baba, tangu mwaka ule aliosema anafuata betri ya redio. Nikataka kuacha hilo, akasema andika, wamesema vyote. Kurasa thelathini na nne, halafu tukaambatanisha cheti cha yule daktari wa tochi: jicho la kulia linaona robo.

Mfumo ukapiga hesabu yake. Kwa kuwa macho yalikuwa robo, likatoka jibu la robo:

"MWENYE KIBALI HIKI ATAONA ROBO YA CHINI YA MNARA WA SHUKRANI KWA DAKIKA NNE, KWA JICHO LA KULIA. JICHO LA KUSHOTO HALIKUOMBEWA. MSINDIKIZAJI: SEFU. HAONI."

"Haoni vipi?" nikamuuliza Bi Leokadia. "Mimi naona vizuri tu."

"Wewe huna kibali. Utaangalia viatu vyako."

Nikataka kubishana, Mama akanikanyaga. "Robo ya chini ndiyo yenye zege nene," akasema. "Ndiyo yangu hasa. Ahsante, mwanangu. Mungu akupe macho marefu."

Mlimani walimuaga kama mtu anayekwenda kuhiji. Mama Kashindye alimletea kitenge kipya akamfunga mwenyewe. "Ukiugusa," akamnong'oneza, "uguse na kwa ajili yangu."

*

Jiji sitawasimulia. Nilikuwa naangalia viatu. Naweza kuwaambia kwamba sakafu yake ni safi, na kwamba wakazi wengi wana viatu vilivyoliwa kisigino upande wa nje.

Mlinzi wa Mnara akasoma kibali, akamfunga Mama kitambaa jicho la kushoto, lile lililokufa, lisije likaona bila ruhusa. Akabonyeza saa. "Dakika nne. Anza."

Mama alikuwa hajainua uso bado, akatokea mpiga picha wa Wizara, kijana amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, na nyuma yake binti ameshika kipaza sauti.

"Huyu ndiye," mpiga picha akasema. "Mwenye mawingu. Mama, shikamoo, Lango zima linakuongelea. Geuka huku tukupige ukiwa unaona."

"Marahaba. Nikigeuka huko nitaona nini? Mnara si uko huku?"

"Mnara utakuwa nyuma yako, unapendeza sana nyuma. Ukiuangalia wewe, sisi tutapata kisogo. Nani atakuja Jiji kwa sababu ya kisogo?"

"Niangalie kwanza, baba, halafu nitageuka."

"Mwanga unaondoka, Mama. Ni sekunde tu."

Basi akageuzwa. Walimrekebisha kitenge, walimrekebisha kidevu. Alionyeshwa namna ya kuangalia mbali, sura ya mtu anayeona kitu kikubwa. Mbele yake kulikuwa na kijana mwenye mifuko na ukuta wa choo cha walinzi. Mlinzi akasema dakika mbili zimekwisha. Mimi nilikuwa nasikia tu, ya kuonekana niliambiwa baadaye. Ningeinua kichwa ningeuona wote, robo zote nne, na nani angejua? Sikuinua. Kuna kamera kila mahali, na pia kuna kitu kingine nitakiri: nilimsikia yule binti anamuuliza mwenzake kama mwandishi wa yale maoni amekuja, kwamba Wizara inatafuta watu wa kuandika. Nikakaza macho kwenye viatu kama kijana mwenye nidhamu.

"Rudi nyuma kidogo, Mama. Kidogo tena. Hapo."

Mgongo wa Mama ukagusa Mnara.

Niliona miguu yake imetulia. Kisha nikasikia mkwaruzo. Alikuwa amepeleka mkono nyuma, anasugua ukuta kwa kidole gumba kama wanavyofanya wanunuzi wa kokoto. Mchanga ukamwagika kwenye visigino vyake.

"Mama," akasema yule binti wa kipaza sauti, "unaona nini?"

Jibu lilikuwa limebandikwa kwenye kipande cha boksi mbele yake: NAONA MAENDELEO. Mama hajui kusoma.

"Huu hauna kokoto," akasema.

"Samahani?"

"Ni mchanga na chokaa. Hata saruji walipitisha karibu tu wakaondoka nayo. Hamna kokoto humu, binti. Mvua mbili kubwa, huu uko chini. Nawaambia mimi, ni kazi yangu." Akageuka kumtafuta mtu wa kumuuliza. "Sasa zangu mmepeleka wapi?"

Mlinzi akafunga saa. "Dakika nne," akasema. Halafu akasoma kibali tena, polepole, mpaka akapata alichokuwa anatafuta. "Hapa pameandikwa kuona. Umeshika."

*

Makosa yanayohusu Mnara anayasikiliza Waziri mwenyewe nyumbani kwake, kwa kuwa jengo la mahakama limekuwa kivutio na halitakiwi kuchafuliwa na kesi. Tukapelekwa. Geti likafunguliwa na nikasikia chini ya miguu yetu: kwacha, kwacha, kwacha.

Mama akasimama. Akavua ndala.

"Mama, vaa," nikamwambia.

Hakuvaa. Akatembea hatua tatu peku, akachuchumaa, akaokota kokoto moja akaileta karibu na jicho hadi ikagusa kope. Jiwe la Mlimani lina rangi ya ini, halipatikani pengine. Ua wa Waziri ulikuwa na rangi ya ini kutoka getini mpaka barazani, na kutoka barazani mpaka ukuta wa nyuma. Eka nne.

"Hii yangu," akasema. Akaokota nyingine. "Hii ya Mama Kashindye, yeye anagonga bapa. Hii yangu. Hii ya marehemu Bi Sikujua. Hii yangu."

Waziri alikuwa ametoka barazani na mbwa wake, jike moja kubwa jeupe linaitwa Malkia. Ni mtu mpole, sauti yake ni ile ile ya kwenye Lango.

"Unazijua kwa kuzitazama?" akauliza.

"Kwa mkono, Mheshimiwa. Jicho halinisaidii sana."

"Ajabu. Ni kwa ajili ya mlio, unajua. Mwizi akija nasikia. Mjumbe wa kamati akija nasikia, napata muda wa kutokuwepo. Kila mwaka tunaongeza, maana zinazama. Tatizo ni moja tu, pembe zake zinamkata huyu miguu. Mwoneshe, Malkia." Akainua mguu wa mbwa. Ulifungwa bandeji nyeupe kabisa. "Inaniuma sana. Kiumbe hawezi kusema."

Mama akauangalia ule mguu kwa karibu. "Pole yake," akasema, na alimaanisha. "Ni kubwa mno hizi kwa mnyama. Ilitakiwa zigongwe ziwe kama mbaazi."

Mimi nilitamani asiseme. Mama ana tabia hiyo, ukimuuliza kazi anajibu kazi.

Waziri akafurahi. Alifurahi hasa, siyo ile furaha ya wakubwa. "Sheria yetu haimwadhibu mtu," akasema, "inamsikiliza. Umependa kushika, basi utashika. Mleteeni nyundo mama huyu."

"Zote?" Mama akauliza.

"Taratibu tu. Hakuna anayekukimbiza."

Akaniona mimi. "Na huyu ndiye mwenye mawingu? Inua kichwa, kijana. Ajira unayo?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Sasa unayo. Hivi vivutio vinane vimezoeleka. Fundi wa kale akifanya kazi ya mikono, katika mazingira yake, mbele ya wageni, hicho ni kivutio cha tisa. Uniandikie. Kama ile ya mawingu."

Nikamwambia nitaandika ila Mama apewe mwavuli, jua la pale kali. Akasema ombi lenye utu. Wameuweka. Ukifungua Lango utauona, wa rangi ya chungwa, uko kwenye picha.

*

Nikaandika. Nilikaa siku tatu kwenye ile insha, sijawahi kuandika vizuri vile. Nyundo yake nimeifananisha na moyo wa taifa. Watu wakafurika. Kivutio namba tisa kimeyapita hata Makumbusho.

Sasa hivi nakaa ofisini Wizarani, ghorofa ya chini, dirisha linaangalia ukuta. Ukuta umo kwenye kibali changu. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliomba nikamuone Mama, mkuu wangu wa kitengo akaniambia watunzi wa Wizara hawaruhusiwi kuona vitu walivyoviandika, isije ikaharibu maandishi. Nikasema ni mama yangu mzazi. Akasema anaelewa kabisa, na yeye mama yake ni namba sita. Namba sita ni Bustani ya Wanyama Waaminifu; mama yake yuko pale kama nani, sikumuuliza.

Kwa hiyo nasoma maoni. Kila asubuhi nikifika ndiyo kazi ya kwanza, nafungua namba tisa nasoma yote, nyota tano mia mbili, mia tatu kwa siku. Ndiyo barua zangu za nyumbani. Watu sasa wanaruhusiwa kuandika na baada ya ziara, kwa kivutio hicho tu, kwa kuwa wanakisifu bila kusukumwa. "Ana mkono mwepesi." "Mbwa anamlalia miguuni, inapendeza." "Ameuliza kama kuna mtu wa Mlimani, nimemwambia mimi siyo." Hiyo niliikopi nikaiweka kwenye simu.

Masika yameisha wiki iliyopita. Mnara ulianguka katikati ya mvua ya pili, haukumuua mtu, kwenye Lango bado upo na nafasi zake zimejaa mpaka Desemba. Hayo hayanihusu. Leo asubuhi nimesoma maoni ya bwana mmoja wa mkoa wa magharibi, mwalimu, alikuja na wanafunzi wake. Ameandika hivi:

"Nimewaambia watoto wamuige bibi huyu kwa umakini. Tulisimama mbele yake nusu saa, tukampungia mikono, hakuinua uso. Watoto wakamuwekea ua mapajani, hakuligundua hadi alipoligonga. Lakini nyundo haikosi jiwe hata mara moja. Kila jiwe analitafuta kwa vidole kwanza, analizungusha, ndipo anapiga. Hakika ni ufundi usiohitaji macho. Nyota tano."

Chini ya kila maoni kuna sehemu ya Wizara kumshukuru mtoa maoni, na siku hizi anayejibu ni mimi. Nimemshukuru.